Tiba ya mazungumzo inayounganisha njia: inavyopangwa, na kwa nini hali ya mteja hubadili mpango

Mtabibu mmoja akimpokea mtu asiyelala, atamuuliza anawaza nini usiku. Wa pili atamuuliza alilelewa na nani. Wa tatu atataka kujua mchana wake unapita vipi, na wa nne ataomba aje na mkewe. Kila mmoja ana shule yake ya saikolojia, na kila shule ina tafiti za kuitetea. Tiba unganishi ni kazi ya kuamua swali lipi litangulie kwa mteja huyu, kwa sababu inayoweza kuandikwa na kusomwa na mtaalamu mwingine. Sababu hiyo ikikosekana, kinachofanyika ni kubahatisha, hata kama mtabibu ana vyeti vya njia kumi.

Sababu hiyo haipatikani bila kumjua mteja ni nani: anasema lugha gani akiwa na uchungu, anasali wapi, nani anamlipia, mwili wake unamruhusu nini, sheria na majirani wanamwonaje. Huo ndio ujumuishi, na mahali pake ni ndani ya hesabu ya tiba. Tabasamu la mapokezi pekee halitoshi.

Njia nne za kuunganisha

Mwaka 1936 mwanasaikolojia wa Marekani, Saul Rosenzweig, aliandika kwamba tiba zenye nadharia zinazopingana huweza kuleta nafuu inayokaribiana, kwa sababu kuna mambo zinazoyafanya kwa pamoja bila kuyataja. Mwaka 1957 Carl Rogers akataja aliyoyaona kuwa ya lazima, yakiwemo mtabibu kumwelewa mteja kwa undani, kumkubali bila masharti, na kuwa mkweli mbele yake. Kisha mwaka 1979 Edward Bordin akaupa ushirikiano wa mtabibu na mteja sehemu tatu: kukubaliana juu ya lengo, kukubaliana juu ya kazi itakayofanywa ili kulifikia, na kuaminiana.

Sehemu hizo tatu za Bordin zina faida kubwa kazini, kwa sababu tiba inapokwama huonyesha pa kutazama. Mama anamleta mwanawe ili aache kuvuta bangi. Kijana mwenyewe anataka mama aache kumfokea mbele ya wadogo zake. Mtabibu akianza na bangi, kijana hatarudi wiki ya tatu, na ripoti itaandikwa kwamba "hakuwa tayari." Kwa kweli hakuulizwa.

Juu ya msingi huo wataalamu huunganisha kwa njia nne. Ya kwanza hushikilia yale mambo ya pamoja na kuyaimarisha. Ya pili huchukua mbinu kutoka popote mradi zimeonyesha kufanya kazi, bila kuchukua nadharia zake. Arnold Lazarus, aliyeiendeleza tangu miaka ya 1960, alimchunguza kila mteja katika maeneo saba: matendo, hisia, anavyojisikia mwilini, picha zinazomjia akilini, mawazo, mahusiano, na afya ya mwili pamoja na dawa. Ya tatu hujenga nadharia mpya kutoka mbili, kama Paul Wachtel alivyofanya mwaka 1977 alipokutanisha saikolojia ya Freud, inayochimba yaliyofichika akilini, na tiba ya tabia, inayofanyia kazi matendo. Ya nne humtaka mtabibu awe na shule moja anayoijua kikamilifu, kisha aingize mbinu za nje pale shule yake inapopungukiwa, akijua zitakavyobadilika zikiingia humo.

Kwa mtabibu anayeanza, ya nne ndiyo salama zaidi. Asiye na shule ya nyumbani hana cha kumwambia kwamba mbinu aliyoazima imekwenda kombo.

Ramani ya tatizo

Chombo kikuu cha kuunganisha ni karatasi moja yenye safu tano: tatizo lenyewe, yaliyomwandaa mtu kulipata, yaliyolichochea, yanayoliendeleza, na yanayomlinda. Mfano ufuatao ni wa kutungwa, lakini kila kipande chake ni cha kawaida.

Dereva wa bodaboda, miaka 29, yuko Morogoro. Pikipiki ni ya mkataba: anampelekea mwenye chombo hesabu kila siku mpaka deni liishe na pikipiki iwe yake. Miezi mitano iliyopita aligongwa na lori usiku, abiria wake akafariki. Tangu hapo anaota ajali ile ile, anaamka saa tisa usiku, haendeshi tena usiku wala kupita eneo lile, na anakunywa pombe kali ili alale. Hesabu imekwama wiki sita. Baba yake anaamini familia ya marehemu imemfanyia kitu. Yeye mwenyewe akiulizwa anasema, "Nina mawazo tu, na mgongo."

Safu ya kwanza ni ndoto, usingizi, kukwepa, pombe na mgongo. Ya pili: alifiwa na kaka yake akiwa na miaka 12, na nyumbani wavulana hawakuruhusiwa kulia. Ya tatu ni ajali. Ya nne, inayoliendeleza tatizo leo, ina pombe, kukwepa barabara, deni, na hatia asiyoisema. Ya tano ina kijiwe chenye wenzake wanaomuulizia, shangazi anayemwamini, na sala ya Ijumaa ambayo hajaiacha.

Mtabibu huanzia safu ya nne, kwa sababu humo ndimo mna vitu vinavyoweza kubadilishwa wiki hii. Safu ya pili huvuta sana, hasa kwa waliosomea saikolojia ya utotoni, na kuanza nayo ni kosa linalojirudia: mtu anafunguliwa jeraha la miaka 17 iliyopita wakati usiku halali na mwenye pikipiki anampigia simu.

Kabla ya chochote kuna ukaguzi wa usalama. Aligonga kichwa? Maumivu ya kichwa, kusahau na hasira za ghafla baada ya ajali huweza kuwa dalili za jeraha la ubongo, na hilo ni la hospitali. Anatumia dawa gani? Efavirenz, iliyotumika kwa wingi katika matibabu ya VVU kabla ya dawa mpya zaidi, dolutegravir, kushika nafasi yake, inajulikana kwa kuleta ndoto za kutisha na huzuni. Mtabibu asiyeuliza anaweza kukaa miezi akitibu ndoto za kidonge. Pombe hupimwa kwa AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 10 na alama 0 hadi 40. Kuanzia 8 ni ishara ya unywaji hatari. Anayetetemeka asubuhi mpaka anywe asiambiwe aache ghafla, kwa kuwa degedege na kuchanganyikiwa huweza kumpata ndani ya siku mbili tatu. Aanze kwa daktari.

Swali la kujiua huulizwa kwa maneno ya wazi: "Umewahi kufikiria kujiua? Umefikiria ungefanyaje?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Kinachowazuia wengi kujibu ni sheria. Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha namna hiyo kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Mteja anastahili kuelezwa kabla ya swali nini kitabaki chumbani na nini kitalazimika kutoka, na kwa nani.

Utaratibu wa mbinu

Kwa dereva huyu, vipindi viwili vya kwanza vya dakika 50 vinahusu usingizi, pombe na deni. Deni? Ndiyo. Limo katika safu ya nne, na kila simu ya mwenye chombo inamrudisha barabarani kichwani. Mtabibu anamsaidia kuandika madeni yote, kupanga kiasi anachoweza kulipa kwa wiki, na kujizoeza maneno ya kumwambia mwenye pikipiki. Mbinu hii ya kutatua matatizo imo ndani ya mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao Problem Management Plus, wenye vipindi vitano vya dakika 90 na stadi nne: kutuliza mwili kwa kupumua polepole, kutatua matatizo, kurudi kwenye shughuli, na kuimarisha msaada wa watu. Majaribio yake jijini Nairobi, yaliyochapishwa mwaka 2017, yaliendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii wasio wanasaikolojia kwa wanawake waliopitia ukatili, na nafuu ilionekana.

Kisha kinakuja kiwewe chenyewe, kwa kuikabili hofu ngazi kwa ngazi. Mteja anaorodhesha hali anazozikwepa na kuipa kila moja alama ya hofu kati ya 0 na 100. Kusikiliza muungurumo wa pikipiki, 25. Kuikalia ikiwa imezimwa uani, 35. Kuiendesha mtaani saa tatu asubuhi, 50. Kusimama eneo la ajali mchana akiwa kwa miguu, na mtu, 70. Kupita hapo akiendesha, 85. Anaanza na ya chini na kubaki katika hali hiyo mpaka hofu ipungue waziwazi, au mpaka aone kwamba alilolitarajia halikutokea. Anarudia siku kadhaa ndipo apande.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu tatu. Mteja huondoka hofu ikiwa kileleni, na mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Anakunywa kidogo kabla ya zoezi, hivyo ujasiri unahesabiwa kuwa wa pombe. Au mtabibu mwenyewe, kwa huruma, anamkatiza anapoanza kutoka jasho. Tena, ngazi haziongezi hatari halisi: hakuna zoezi la kuendesha bila kofia ngumu, wala usiku kwa mgongo ambao daktari hajauruhusu.

Hatia ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko yote. Tiba ya mawazo, inayomsaidia mtu kupima ukweli wa anayoyawaza, ikitumiwa vibaya humwambia, "Halikuwa kosa lako." Je, kama alikuwa mwendo kasi? Mteja anayejua ukweli wake hatamwamini tena mtu anayemfariji kwa uongo. Mbinu bora ni kuorodhesha kila kilichochangia na kukigawia asilimia: dereva wa lori, barabara isiyo na taa, mvua, tairi lililokwisha, mwendo wake; sehemu yake mwenyewe inawekwa mwisho. Mara nyingi mtu aliyejibebesha 100 anabaki na 15 au 20. Hizo zinazobaki haziondolewi kwa hoja. Zinahitaji tendo, na jamii zetu zina tendo lake: kwenda kuhani, kutoa pole, wazee wakitangulia kupatanisha. Mtabibu unganishi huliweka tendo hilo ndani ya mpango, baada ya kuhakikisha kama kuna kesi polisi na mteja amepata ushauri wa kisheria juu ya atakayoyasema.

Mbinu zinazogombana

Kuna jozi za mbinu ambazo kila moja ni nzuri peke yake, na zikikutana zinabomoana. Mtu mwenye hofu ya ghafla, ambaye moyo ukienda mbio huamini anakufa, akifundishwa kupumua polepole kila dalili inapoanza, hatapata nafasi ya kugundua kwamba moyo kwenda mbio hauui. Tiba inayomsaidia humtaka auamshe mwili makusudi, kwa mfano kukimbia pale pale aliposimama kwa dakika moja, na kukaa na dalili zile. Anayechanganya hizo mbili bila kueleza anampa mgonjwa jumbe mbili zinazopingana: dalili si hatari, lakini zizime haraka.

Mfano wa pili unajulikana sana Pwani. Mtu anarudia udhu mara nane, mara kumi, akihofia haukutimia. Mtabibu wa shule ya Rogers anamsikiliza kwa upole na kumhakikishia kwamba udhu ulikuwa sawa. Saa moja baadaye shaka inarudi, na mteja anarudi kuulizia. Kumhakikishia kumekuwa sehemu ya ugonjwa. Kinachotakiwa ni kutawadha mara moja, kuondoka na shaka, na kusali nayo. Mtabibu hapaswi kujifanya mufti. Anamshauri mteja amwendee sheikh anayemwamini, mara moja, apate hukumu. Kanuni ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inayosema yakini haiondolewi na shaka inakwenda sambamba na zoezi lenyewe, na mashekhe huwaelekeza wenye wasiwasi wa namna hii wasiujali. Kinachotakiwa ni sheikh na mtabibu wakubaliane kutojibu swali lile lile mara ya pili.

Mteja ni nani

DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili wa mwaka 2013, una mahojiano ya kitamaduni yenye maswali 16. Matatu kati ya hayo yanafaa kila kipindi cha kwanza: tatizo hili wewe unaliitaje, watu wa nyumbani wanasema limetokana na nini, na umekwisha kutafuta msaada wapi. Hili la mwisho liulizwe bila kukunja uso. Anayehisi atachekwa hatasema kwamba yuko kwa mganga, na mtabibu hatajua kama dawa za kifafa zimeachwa.

Utafiti uliofanywa Masaka na Rakai, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2003 ulianza kwa kuwauliza wanavijiji. Yakapatikana majina mawili ya hali zinazolingana kwa sehemu na sonona: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia. Tiba ya vikundi ikapangwa kwa wiki 16, dakika 90 kila wiki, wanawake peke yao na wanaume peke yao, kila kikundi kikiongozwa na mwenyeji wa jinsia hiyo hiyo. Dalili zilipungua sana kuliko katika vijiji vya kulinganishia. Upande wa pili kuna utafiti wa watoto yatima wa mijini na vijijini, Moshi (Tanzania) na Bungoma (Kenya), uliochapishwa mwaka 2020: tiba moja ya kiwewe, vipindi 12 vya kikundi, na mwisho wa matibabu nafuu iliyozidi ile ya kundi la kulinganishia ilionekana katika maeneo 3 kati ya 4. Mahali na maisha yaliyomzunguka mtoto yalibadili matokeo ya tiba ile ile, na mpango usioangalia hilo umekosa kipimo muhimu.

Umri na heshima navyo hufanya kazi. Mtabibu wa miaka 30 akikutana na baba wa yule dereva haanzi na dodoso. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Kisha: "Baba, hili la kijana wetu wewe unalionaje?" Mzee akisema ni ushirikina, mtabibu halibishi wala haliungi mkono. Anauliza anapanga kufanya nini, kitagharimu kiasi gani wakati kuna deni, na kama kitamzuia kijana kutumia dawa au kuja kwenye vipindi. Mara nyingi mambo hayo matatu hupatikana muafaka, na imani ya mzee inabaki ilipokuwa.

Mlipaji ni jambo jingine. Shemeji analipia vipindi na anataka kujua "maendeleo". Makubaliano yafanyike siku ya kwanza, wote wakiwapo: mlipaji ataambiwa kama mteja anahudhuria, basi. Makubaliano haya yakicheleweshwa mpaka siri itoke, hayawezi tena kufanyika.

Kwa mteja kiziwi, mkalimani wa Lugha ya Alama asiwe ndugu yake, hata kama ni wa bure, kwa sababu siri za ndoa hazipitii mikononi mwa mtoto wa mtu. Mkalimani anaelezwa kazi dakika 10 kabla, anakaa kando kidogo na nyuma ya mtabibu ili mteja awaone wote wawili, na mtabibu anazungumza na mteja moja kwa moja, hasemi "mwambie". Muda wa kipindi uongezwe. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, ofisi ya ghorofa ya tatu isiyo na lifti imekwisha kumkataa kabla ya salamu.

Lugha nayo ina ngazi zake. Wengi hueleza tatizo kwa Kiswahili au Kiingereza cha ofisini, na hulia kwa lugha ya mama. Mtabibu asiyeijua anaweza kusema, "Liseme kwanza kwa Kisukuma kama linavyokuja, halafu unieleze." Kinachopotea ni dakika mbili.

Na kuna wateja wanaokuja na jambo wasilothubutu kulitaja, kama anayevutiwa na watu wa jinsia yake. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali hiyo katika orodha ya magonjwa mwaka 1990. Jitihada za kumbadilisha mtu hazina ushahidi wa kufaulu, na zina ushahidi wa madhara. Kwa kuwa sheria za Tanzania na Kenya zinaadhibu mahusiano hayo, kumbukumbu ziandikwe kwa uchache unaotosha kwa tiba: "mahusiano", bila jina la mtu wa pili. Mtabibu ambaye imani yake haimruhusu kufanya kazi hii kwa haki ana wajibu wa kumpeleka mteja kwa mwenzake, bila mahubiri na bila kuzungumza na familia.

Kupima kama inafanya kazi

Hisia za mtabibu kwamba "tunaendelea vizuri" ni kipimo dhaifu. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2012, uliokusanya tafiti zaidi ya 600, uliona kwamba mteja 1 kati ya 5 huacha tiba kabla ya wakati. Kwa hiyo hupimwa mambo mawili. La kwanza ni dalili: PHQ-9, dodoso la sonona, lina maswali 9 na alama 0 hadi 27, ambapo 10 na kuendelea huonyesha hali inayohitaji kushughulikiwa, na kushuka kwa alama 5 ni nafuu ya maana. Kwa asiyesoma, maswali huulizwa kwa mdomo, faraghani. La pili ni ushirikiano: mwishoni mwa kila kipindi dakika tatu hutengwa kuuliza kama amesikilizwa, kama limezungumzwa alilolitaka, na kama namna ya kufanya kazi inamfaa.

Katika utamaduni wa adabu mteja atasema "vizuri tu, asante." Swali hubadilishwa: "Leo nimekosea wapi, hata kidogo?" au "Kama ningekuwa na mteja mwingine kama wewe, ungenishauri nibadilishe nini?" La pili hupata majibu zaidi, kwa sababu mteja halazimiki kumlaumu mtu aliye mbele yake.

Alama zisiposogea baada ya vipindi vinne hadi sita, mtabibu hakimbilii mbinu mpya. Anakagua kwa mpangilio: tumekubaliana juu ya lengo? Mazoezi ya nyumbani yanafanyika, na kama hayafanyiki kuna faragha nyumbani ya kuyafanyia? Kuna jambo la mwili au dawa tuliloliruka? Safu ya nne ina kitu ambacho hakijaandikwa, kama kipigo kinachoendelea? Baada ya hapo ndipo mbinu hubadilishwa, moja kwa wakati, na sababu inaandikwa.

Mteja naye ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Umesomea shule gani kwa undani, na ya kuazima ni ipi? Nani anakusimamia kazi yako? Tutajuaje kama hainisaidii, na utanipeleka kwa nani? Kenya kuna pia swali la usajili, kwani Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ilianzisha bodi ya kuwasajili. Mtabibu anayejua kazi yake huyajibu maswali haya kwa dakika tano, tena kwa Kiswahili cha kawaida.